Somo: Upepo Ukiuzwa, Nani Analipwa?



Wanachama wa vikundi vya masomo, wa Dzaleka na wa hapa mjini Lilongwe, wameomba ukurasa wetu wa Kiswahili ueleze maneno wanayoyasikia redioni na katika mikutano ya mashirika: biashara ya kaboni, kufidia moshi, hati za hewa ya ukaa. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma pale Kawale aliuliza kwa kifupi kuliko wote. Alisema: "Nasikia Ulaya wanalipia upepo wa Afrika. Upepo wenyewe ni wa nani, na hiyo fedha inaishia wapi?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake si fupi. Somo hili linaeleza kwanza maana ya maneno, halafu linachukua mfano mmoja mkubwa wa kweli kutoka Kenya, ndipo lirudi kwetu Malawi.

Maana ya maneno

Kuni, mkaa, dizeli na makaa ya mawe vinapoungua hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hukaa angani miaka mingi sana na kuzuia joto la dunia lisitoke kwenda juu. Tani moja iliyotoka katika kiwanda cha Ujerumani na tani moja iliyotoka katika tanuri la matofali wilayani Dowa huleta madhara yale yale, kwa kuwa anga ni moja.

Juu ya ukweli huu wa sayansi imejengwa biashara. Wafanyabiashara walisema hivi: kama anga ni moja, basi haidhuru moshi umepunguzwa wapi. Kampuni ya Ulaya ambayo ingetumia fedha nyingi kubadilisha mitambo yake inaweza kumlipa mtu wa Afrika au Asia apunguze moshi kwake kwa bei nafuu, kisha kampuni ikaandika punguzo lile katika daftari lake yenyewe. Kila tani moja iliyopunguzwa hupewa hati moja. Hati ndiyo inayouzwa na kununuliwa, na ikishatumiwa hufutwa katika daftari ili isitumiwe mara ya pili.

Mpango wa namna hii uliwekwa na Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997, ulioanza kutumika mwaka 2005. Nchi tajiri ziliwekewa kikomo cha moshi. Nchi maskini hazikuwekewa, lakini ziliruhusiwa kuandikisha miradi chini ya utaratibu ulioitwa Mfumo wa Maendeleo Safi na kuuza hati zake. Miradi mingi ilikwenda China, India na Brazil. Afrika ilipata sehemu ndogo tu. Mbali na utaratibu huo wa serikali kuna soko la hiari, ambako makampuni hununua hati bila kulazimishwa na sheria, ili yaweze kuwaambia wateja wao kwamba yamefidia moshi wao.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Hati haiondoi moshi wa mnunuzi. Mnunuzi anaendelea kutoa tani yake kama kawaida, kwa ahadi kwamba mahali pengine tani nyingine haikutoka. Kwa hiyo, kama ile tani ya pili isingetoka hata bila fedha yake, hakuna kilichopungua. Moshi umebaki ule ule, mnunuzi amejisifu, na mfanyakazi wa kiwanda chake ameendelea kuuvuta. Hati ya uongo ni mbaya kuliko kukosa hati, kwa sababu inampa mtu ruhusa ya kutobadilika.

Kinu cha Kasungu na hesabu yake

Kabla ya kwenda Turkana tuanze na jirani yetu wa karibu. Wengi mnamjua William Kamkwamba wa Wimbe, wilayani Kasungu. Wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002 aliacha shule kwa kukosa karo, akasoma vitabu vya maktaba, akatengeneza kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, dinamo, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, juu ya mnara wa nguzo za mikaratusi. Taa ziliwaka nyumbani kwao. Habari yake ilitolewa kitabu mwaka 2009 na filamu mwaka 2019.

Je, kinu kile kingeweza kupata hati ya kaboni? Tupige hesabu. Tuseme kinatoa wati 12, nacho kinazunguka usiku na mchana mwaka mzima, jambo ambalo upepo wa Kasungu hauliruhusu. Mwaka una saa 8,760. Zidisha, utapata kilowati-saa 105 hivi, yaani megawati-saa 0.105. Jenereta ya dizeli hutoa kiasi cha tani 0.7 za hewa ya ukaa kwa kila megawati-saa moja. Basi kinu kile kingeokoa tani 0.07 kwa mwaka, na kingehitaji zaidi ya miaka 13 kupata hati moja tu! Na kabla ya kuipata, wangehitajika wakaguzi wa kutoka nje, wenye nauli, hoteli na posho.

Hii ndiyo sababu biashara hii inapenda vitu vikubwa. Mtambo mmoja mkubwa hukaguliwa kwa gharama ile ile karibu sawa na mdogo. Vitu vidogo huingia sokoni pale tu vinapokusanywa kwa maelfu na kuwekwa katika mfuko mmoja na kampuni ya katikati, na hapo mwenye kitu kidogo huwa hajui hata kwamba amekusanywa. Tutaliona hili tutakapofika kwenye majiko.

Ziwa Turkana

Shamba kubwa la upepo katika Afrika Mashariki liko karibu na Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Hapo upepo hupita kwa nguvu kati ya milima, karibu kila siku ya mwaka. Imesimamishwa mitambo 365 iliyotengenezwa na Vestas ya Denmark, kila mmoja una kilowati 850, jumla megawati 310. Vipande vilisafirishwa kwa malori kutoka bandari ya Mombasa, safari ya kilomita zipatazo 1,200, na barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilibidi itengenezwe kwanza. Gharama ilikuwa yuro milioni 625 hivi, sehemu kubwa ikiwa mikopo iliyokusanywa chini ya uongozi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Mradi huu uliandikishwa katika Mfumo wa Maendeleo Safi mwaka 2011. Makadirio yalikuwa kwamba ungeokoa zaidi ya tani 700,000 za hewa ya ukaa kila mwaka, kwa hoja kwamba bila upepo Kenya ingechoma mafuta. Wenye mradi walieleza kwamba sehemu ya mapato ya hati ingegawanywa na serikali ili isaidie wananchi wa eneo lile.

Sasa tazama kilichotokea sokoni. Mwaka 2008 hati moja ilikaribia yuro 20. Mwaka 2011 ilikuwa bado inazunguka yuro 10. Mwisho wa mwaka 2012 bei iliporomoka chini ya yuro 1, kwa sababu hati zilikuwa nyingi, viwanda vya Ulaya vilikuwa vimepunguza uzalishaji kwa ajili ya msukosuko wa uchumi, na Ulaya ikaweka masharti mapya. Tuchukue tani 700,000 tu. Kwa bei ya yuro 10 ni yuro milioni 7 kwa mwaka. Kwa bei ya nusu yuro ni yuro 350,000. Linganisha na deni la mamia ya mamilioni! Hata hivyo mikopo ilikamilika Desemba 2014, miaka miwili baada ya bei kuanguka, na mitambo ikajengwa.

Msomaji makini atauliza: kama mradi ulijengwa wakati hati hazina bei, je, ulizihitaji hati? Hili ndilo swali kubwa la biashara nzima ya kaboni. Wenye mradi wanaweza kujibu kwamba hati zilisaidia tangu mwanzo, zikaleta sifa kwa wakopeshaji. Huenda. Lakini kilichoubeba mradi ni mkataba wa miaka 20 wa kuuza umeme kwa kampuni ya Kenya Power. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya Ujerumani, Öko-Institut, ilichunguza miradi ya Mfumo wa Maendeleo Safi na kusema kwamba asilimia 85 ya miradi iliyotazamwa ilikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa ni punguzo la kweli, yaani mingi ingejengwa tu hata bila hati. Miradi mikubwa ya upepo ni miongoni mwa aina zilizotiliwa shaka.

Sisemi kwamba upepo wa Turkana ni kitu kibaya. La, hasha. Umeme wake ni wa kweli, unawasha taa Nairobi, na kila saa unapovuma mafuta yanabaki bila kuchomwa. Kinachobishaniwa ni ile karatasi: kama kampuni ya mbali ina haki ya kusema "tumepunguza sisi".

Gharama zilizobebwa na wengine

Mkataba ule wa umeme ulikuwa na sharti ambalo kila mjumbe wa chama cha wafanyakazi anapaswa kulielewa. Umeme ukiwa tayari, mnunuzi hulipa, hata kama hauchukui. Benki ya Dunia iliogopa sharti hili na ikajitoa mwaka 2012, ikisema Kenya Power ingelazimika kulipia umeme isiouhitaji. Mitambo ilisimama tayari mwaka 2017, lakini njia ya nyaya ya kilomita 428 hadi Suswa, iliyokuwa jukumu la serikali, haikuwa imekwisha. Mkandarasi wa Hispania alifilisika njiani, kazi ikapewa Wachina. Nyaya ziliwashwa Septemba 2018. Kwa muda wote huo mitambo ilisimama upeponi bila kuuza kitu, na Kenya ilitakiwa kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukufika katika nyumba hata moja. Fedha hiyo hatimaye hutoka katika bili ya mfanyakazi.

Halafu kuna ardhi. Ekari 150,000 zilikodishwa na iliyokuwa halmashauri ya Marsabit, ingawa mitambo na barabara vyake vinachukua sehemu ndogo tu. Hiyo ni ardhi ya malisho ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo. Mwaka 2014 wananchi walikwenda mahakamani Meru. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliamua kwamba hati za ardhi zilipatikana kinyume cha sheria, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kama katiba na sheria zinavyotaka. Wenye mradi walipewa mwaka mmoja warekebishe mambo. Mwaka 2023 mahakama ilikataa kuwaongezea muda, nao wakapeleka shauri mbele kwa rufaa.

Jambo hili lina uzito katika somo letu. Karatasi za kaboni zilikaguliwa na wataalamu, zikapigwa mhuri, zikaandikishwa mwaka 2011, zikaonekana safi. Wachungaji walichukua miaka mingine 10 kuthibitisha mahakamani kwamba karatasi za ardhi iliyo chini ya mitambo ile hazikuwa safi. Mkaguzi wa hewa alipima hewa. Chini ya miguu yake hakutazama sana.

Ajira nazo zilikwenda kwa utaratibu tunaoujua. Wakati wa ujenzi maelfu walipata kazi, wengi wao vijana wa Marsabit. Ujenzi ulipokwisha walibaki mia chache: walinzi, madereva, wasafishaji, na mafundi waliofundishwa. Upepo hauhitaji wapakiaji wa makaa. Kwa hiyo chama kinachotaka mafunzo ya ufundi kwa wenyeji hakina budi kudai kabla ya mkataba kutiwa sahihi, kwa sababu baada ya hapo hakuna kikubwa cha kudai. Kenya yenyewe imejifunza kitu: sheria ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, inataka miradi ya kaboni iwe na mkataba na wananchi, na jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya ardhi na asilimia 25 kwa mingine.

Si kila mradi wa upepo una ukubwa huu. Mufindi, Tanzania, mwaka 2020 iliwashwa mitambo mitatu tu, jumla megawati 2.4, ikisaidia umeme wa maji wa Mwenga unaohudumia vijiji. Kwa maoni ya mwandishi huo ndio ukubwa ambao Malawi ingefaa kuutazama kwanza, maana hauhitaji kilomita 428 za nyaya.

Na Malawi?

Malawi haina bado shamba kubwa la upepo linalolisha gridi. Umeme wetu, magetsi haya yanayozimika tukiwa katikati ya kazi, unatoka zaidi kwenye maji ya mto Shire: Nkula, Tedzani, Kapichira. Siku hizi kuna na jua, megawati 60 za Salima tangu mwaka 2021 na megawati 20 za Golomoti zenye betri tangu 2022. Januari 2022 tufani Ana ilibomoa bwawa la Kapichira na nchi ikapoteza megawati zipatazo 130 kwa siku moja. Kituo hakikurudi kazini mpaka 2023. Mnakumbuka mafundi wa Biwi na Kawale walivyokaa bila kazi, na vinyozi wa Dzaleka walivyonunua petroli ya jenereta kwa fedha ya chakula. Nchi iliyotegemea mto mmoja ilihitaji chanzo cha pili. Upepo ungefaa.

Lakini angalia mtego wa hesabu. Chukua mtambo mmoja wa kilowati 850. Ukizunguka kwa nguvu zote mwaka mzima ungetoa megawati-saa 7,446. Tuseme mahali ni pazuri na upepo unatoa nusu yake, megawati-saa 3,723. Kama unachukua nafasi ya dizeli, kwa tani 0.7 kila megawati-saa, umeokoa tani 2,606, yaani hati 2,606. Kama unaingia katika gridi ambayo tayari ni ya maji na jua, na kiwango chake ni, kwa mfano tu, tani 0.2, umeokoa tani 745. Mtambo ni ule ule, upepo ni ule ule, kazi ya fundi ni ile ile. Hati zimepungua zaidi ya mara tatu. Nchi yenye umeme safi na haba hupata kidogo. Nchi iliyochoma mafuta mengi hupata nyingi. Na yule mama wa Area 25 anayepikia mkaa kwa sababu magetsi hayafiki kwake haonekani popote katika hesabu hiyo.

Utaona basi kwa nini kuna kishawishi cha kukuza kile kiwango cha kulinganishia. Anayetaka hati nyingi hudai kwamba bila yeye moshi ungekuwa mwingi mno. Hakuna awezaye kwenda kuupima moshi ambao haukutoka. Hapo ndipo ujanja hukaa.

Wakubwa wa soko wenyewe wamekubali hivyo kwa kiasi. Tangu mwaka 2020 daftari kubwa la soko la hiari, Verra, lilifunga mlango kwa miradi mipya mikubwa ya upepo na jua iliyounganishwa na gridi, isipokuwa katika nchi zenye maendeleo duni kabisa. Malawi imo katika orodha hiyo, kwa hiyo kwetu mlango ulibaki wazi. Hata hivyo Agosti 2024 baraza la kimataifa la kusimamia ubora wa soko la hiari lilikataa kuzipa alama ya ubora njia za zamani za kukokotoa hati za umeme huo, likisema hazichunguzi vya kutosha kama mradi ungejengwa bila hati. Atakayekuja Malawi akisema kwamba hati za kaboni peke yake zitatujengea shamba la upepo, aulizwe hesabu zake. Mitambo hujengwa kwa mikopo, ruzuku na bei ya umeme. Hati ni chumvi juu ya ugali.

Jambo jingine ni hili. Juni 2023, aliyekuwa Rais wakati huo, Lazarus Chakwera, alizindua mpango wa taifa wa soko la kaboni. Chini ya Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 kila nchi, maskini kwa tajiri, ina ahadi yake ya kupunguza moshi. Nchi ikiuza punguzo kwa nchi nyingine, haiwezi kulihesabu tena kama lake. Huwezi kumuuza ng'ombe ukaendelea kumhesabu zizini. Tukiuza leo kwa bei ya chini yale mapunguzo yaliyo rahisi, kesho tutabaki na yale magumu na ya ghali, na ahadi yetu itakuwa bado inatungoja.

Majiko ya Dzaleka

Ndugu wa Dzaleka wanaweza kusema: upepo uko mbali na sisi. Sivyo. Biashara ile ile imeshafika nchini kwa mlango wa jikoni. Miradi mingi ya kaboni ya Malawi ni ya majiko yanayookoa kuni, kama chitetezo mbaula, ndugu wa ile mbabula tuliyoiacha Kongo. Jiko hugawiwa bure au kwa bei ndogo, na mpokeaji hutia sahihi au dole gumba katika fomu. Mara nyingi fomu za namna hiyo husema kwamba haki ya punguzo la moshi imekwenda kwa mwenye mradi.

Mwanachama mmoja alileta malalamiko kwamba alitia dole gumba katika fomu ya Kiingereza bila kusomewa, na alipouliza akaambiwa ni ya kuthibitisha tu kwamba amepokea jiko. Hatutaji mgawaji, kwa kuwa shauri linafuatiliwa. Lakini kanuni ni moja na ile ya mkataba wa kazi: karatasi usiyoielewa haitiwi sahihi.

Jiko jema ni jambo jema. Macho ya mama na mapafu ya mtoto yanafaidika. Tatizo ni hesabu. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba miradi ya majiko waliyoipima ilikuwa imetoa hati kiasi cha mara 9 ya punguzo la kweli, kwa kudhani kwamba kila jiko linatumika kila siku na kwamba jiko la zamani limetupwa. Kila anayeishi Dzaleka anajua kwamba jiko la zamani halitupwi. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa New York waliwafungulia mashitaka wakubwa wa zamani wa kampuni moja ya kaboni kwa tuhuma za kutia chumvi takwimu za majiko ili kupata hati zaidi.

Dzaleka ina ugumu wake pekee. Mahali pale palikuwa gereza la kisiasa zama za Banda. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, iliyopangiwa watu wapatao 10,000 na sasa ina zaidi ya 50,000. Ardhi si yetu. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti, yakiwamo juu ya ajira na uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 wengi wetu tuliokuwa na maduka na karakana mijini tulirudishwa kambini. Mtu asiye na hati ya ardhi, asiyeruhusiwa kuajiriwa ovyo, na anayepewa posho badala ya mshahara hata akifanya kazi ya shirika siku nzima, ni rahisi sana kuhesabiwa katika mfuko wa mtu mwingine. Anayezunguka kambini akihesabu majiko kwa posho ndiye anayezalisha takwimu zinazouzwa. Hiyo ni kazi, nayo inastahili kujadiliwa kama kazi.

Na tusisahau kwamba wengi wetu tunatoka nchi ya shaba. Kila mtambo wa upepo, na kila kilomita ya nyaya zake, hula shaba nyingi. Mchimbaji wa Kolwezi yumo ndani ya umeme safi wa kila mtu, ingawa hati ya kaboni haimtaji.

Utangulizi wa Mkataba wa Paris unataja mpito wa haki kwa wafanyakazi na kazi zenye heshima. Vyama vya wafanyakazi vilipigania maneno hayo yaingie. Yapo, na mjumbe yeyote anayekaa na mwenye mradi wa upepo, jua au majiko ana haki ya kuyaweka mezani.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Tafuteni katika somo hili ni nani aliyelipa wakati mitambo ya Turkana ilipokuwa imesimama bila nyaya. Je, mkataba wa aina hiyo ukiletwa Malawi, bili ya ESCOM ya fundi wa Kawale itaguswa vipi?

2. Rudieni hesabu ya mtambo wa kilowati 850 kwa kiwango cha tani 0.4. Ni hati ngapi? Kwa bei ya yuro 5 ni fedha kiasi gani, na ingelipa mishahara ya mafundi wangapi kwa viwango mnavyovijua?

3. Mkimbizi asiye na ardhi amepunguza kuni kwa kutumia jiko jipya. Punguzo ni lake, la serikali, la shirika, au la mwenye jiko? Toeni sababu.

4. Wahesabu majiko wanaolipwa posho: ni masharti gani manne ya kazi mngeyadai kwanza?

Wenye nakala ya fomu yoyote waliyotia sahihi wakati wa kupokea jiko au taa ya jua waje nayo katika kikao kijacho. Tutaisoma pamoja neno kwa neno, kwa Kiswahili na Chichewa.